Thelathini na Mbili

Nane na ishirini na nne: thelathini na mbili.
Kumi na sita na kumi na sita: thelathini na mbili.
Nimehesabu meno kwa ncha ya sindano ya kushonea,
jikoni, Kajaani, Januari,
dirisha limeganda hadi kwenye kitasa
na Veikko chumbani anajifanya amelala.

Hiyo ndiyo siri, na haina utukufu:
jozi mbili za magurudumu, jumla moja,
kwa hiyo ekseli mbili hukaa palepale,
matundu mawili ya tofali kati yao,
na kila jozi hutafunana bila kumsukuma jirani.
Jozi ya kwanza ni ya mlima:
dogo lazunguka mara tatu, kubwa mara moja,
kama mtoto akikimbia barafuni
kando ya baba asiyepunguza hatua.
Jozi ya pili ni ya tambarare.
Sawa kwa sawa. Mbio.

Vuli nilitengeneza gia nne.
Vipande sitini na kimoja, mnyororo, kona mbili,
nikajisifu kama niliyejenga kanisa.
Nikaweka ubao, ncha moja sakafuni, ncha nyingine juu ya benchi;
lori likanguruma, likatetemeka,
likatema ekseli chini ya friji.
Bado iko huko.

Nikaanza kutoa.
Kutoa kunauma kuliko kuongeza,
kila kipande kina wakili wake kichwani mwangu.
Nilifukuza mnyororo. Nilifukuza kona.
Wa mwisho kuondoka alikuwa gia ya tatu,
na hata leo namwona mezani, wa kijivu, hana kosa.

Zikabaki mota mbili: kubwa ya kusukuma,
ndogo ya kuamua.
Na pete nyekundu katikati ya ekseli,
kushoto gurudumu la mlima, kulia la tambarare,
yote mawili yanazunguka bure
mpaka pete imshike mmoja.

Meno ya mbwa hayaumani, wanasema.
Yangu ya plastiki yaliumana.
Nilipobonyeza rimoti lori likiwa mbioni
jino lilikutana na jino, uso kwa uso,
hakuna aliyetaka kupisha,
na mota ndogo, haijui adabu, ikazidi kusukuma.
Uma ukavunjika. Mara tatu, uma mitatu,
na duka la karibu liko Oulu.

Dawa ilitoka kwenye kitita cha vitunguu majani:
mpira mwembamba uliokifunga.
Nikauweka kati ya mota na uma.
Sasa kitufe hakiamuru, kinaomba.
Mota inageuka, mpira unavutika,
pete inaegemeza kifua chake mlangoni
na kungoja, robo mzunguko, labda nusu,
mpaka upenyo upite mbele yake.

Saa nane usiku nikapakia magogo,
penseli fupi kumi na moja za darasa langu la nne,
nikaweka lori mguuni pa ubao.
Lilipanda polepole kama foleni ya posta.
Lilipofika benchini nikabonyeza.
Kimya.
Kimya kirefu kuliko nilivyokadiria.
Kisha: tk.

"Imeingia," ikasema sauti chumbani.

Miaka ishirini na miwili aliendesha magogo
njia ya Kuhmo, kabla ya goti la chuma,
kabla leseni haijalazwa kwenye droo ya vijiko.
Tangu vuli hakuwa amesema neno juu ya matofali yangu.
Nikageuka kumtazama mlangoni, rimoti mkononi,
kidole bado juu ya kitufe.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
za benchini pia.
Penseli zilitawanyika hadi kwenye viatu vya theluji.

Alichechemea, akaokota moja, akaipulizia vumbi.
"Kesho," akasema, "breki."